JAARI NA MAJRURI YA KIINGEREZA: KIRAI KIHUSISHI KIMETUNDIKWA WAPI?

  

Malalamiko tunayoyasikia zaidi kutoka kwa wale mnaosoma sekondari si kwamba masomo ni magumu. Mnasema somo mnalielewa, ila swali hamlielewi. Na kwa hakika jambo hili lina sababu. Wengi wenu hapa Tarime na Serengeti mlianza kusema kwa Kikurya, Kingoreme, Kiikoma au Kijaluo. Kiswahili mkakishika mitaani na shule ya msingi, Kiarabu mkakutana nacho madrasani, kisha mlipofika Kidato cha Kwanza mkakuta takriban masomo yote yameandikwa kwa Kiingereza. Hiyo ni lugha ya nne kwa wengine, na ndiyo inayouliza maswali ya mtihani.

Katika toleo hili tumechagua sehemu moja tu ya sarufi ya Kiingereza, nayo ni kirai kihusishi, yaani lile fungu la maneno linaloanza na kihusishi kama "in", "on", "at", "of", "with", "for", "from", "to" na kuishia kwenye nomino. Tumeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndiyo inayowapotezea wengi alama. Ya pili, mwanafunzi wa madrasa aliyefika kwenye mlango wa jarri katika Ajurumiyya tayari anayo elimu ya kuifungua. Hajui tu kuwa anayo.

MFANO WA SWALI MOJA

Tuchukue swali la aina inayoulizwa sana katika fizikia: "Explain the effect of heat on the pressure of a gas in a closed container."

Mwanafunzi mwenye haraka huokota maneno anayoyafahamu, "heat" na "gas", akaandika ukurasa mzima kuwa gesi ikipata joto hutanuka. Alichoandika si uongo, lakini ni jibu la swali jingine. Hebu tulifungue swali hili taratibu. Amri ni moja, "Explain", na kinachotakiwa kuelezwa ni kimoja, "the effect". Baada ya hapo vimefuatana virai vinne. "Of heat" kimeshika "effect": athari ya joto. "On the pressure" nacho kimeshika "effect" hiyo hiyo: athari kwa presha. "Of a gas" kimeshika "pressure": presha ya gesi. Na "in a closed container" kimeshika "gas": gesi iliyomo ndani ya chombo kilichofungwa.

Sasa tazameni. Kirai cha mwisho, ambacho wengi hukiruka wakidhani ni pambo, ndicho chenye ufunguo wa jibu. Gesi iliyofungiwa ndani ya chombo kigumu haina pa kutanukia, kwa hiyo joto likizidi, presha hupanda. Aliyejua kirai kile kimeshika nini amepata alama. Aliyekiruka amekosa, na huenda fizikia anaijua kuliko mwenzake.

MAJINA MATATU

Inapendeza kuona jinsi lugha tatu zilivyokiita kitu hiki kimoja. Jina la Kiingereza, "preposition", limetoka katika Kilatini na maana yake ni kilichowekwa mbele. Hilo linatueleza mahali kinapokaa, basi. Waarabu wakaita harfu jarri, yaani herufi inayovuta, kwa sababu inalivuta ismu linalofuata mpaka kwenye kasra. Hilo linatueleza kinachomfanyia jirani yake. (Ibn Ajurrum, mwanachuoni wa Fas huko Morocco aliyefariki mwaka 723 Hijria, sawa na 1323, yeye hutumia neno khafdhi badala ya jarri, kwa kuwafuata watu wa Kufa. Msibabaike, ni kitu kile kile.) Waswahili nao wamekiita kihusishi, chenye kuhusisha, yaani kinachofunga uhusiano kati ya neno na neno.

Kwa maoni yetu, jina la Kiswahili ndilo linalomsaidia zaidi mwanafunzi wa Kiingereza. Kasra haimo katika Kiingereza, na alama ya jarri iliyobakia ni katika dhamiri tu: tunasema "with me" wala si "with I", "for him" wala si "for he". Kwa nomino za kawaida hakuna mabadiliko yoyote, "boy" ni "boy" mbele ya kihusishi na nyuma yake. Kwa hiyo tusiutafute uvutaji. Tuutafute uhusiano.

TAALUKI

Wanazuoni wa nahau wana kanuni ambayo vitabu vingi vya Kiingereza vya shuleni huipitia juu juu. (Nahau tunayoikusudia ni ile ya ilimu ya lugha, si nahau za kwenye vitabu vya Kiswahili kama "kupiga moyo konde".) Wanasema kila jaari na majruri haina budi kuwa na mutaallaki, yaani kitu ilichotundikwa. Neno lenyewe linatokana na kutundika. Fungu hili halisimami peke yake, kama vile kanzu haisimami ukutani bila msumari. Lazima litundikwe kwenye fi'ili au kwenye kitu chenye maana ya fi'ili. Hata pale msumari usipoonekana, wao huukadiria. Mtu akisema "Bismillahi" na kunyamaza, huulizwa: hiyo "bi" imetundikwa wapi? Hujibiwa kuwa imetundikwa kwenye kitendo kisichotamkwa: ninaanza, au ninasoma, au ninakula, kulingana na anachokifanya.

Swali hilo hilo, "kimetundikwa wapi?", ndilo tunalotaka mlichukue mpaka darasa la Kiingereza. Kirai kihusishi cha Kiingereza aghalabu hutundikwa kwenye kimoja kati ya viwili, kitenzi au nomino. Kikitundikwa kwenye kitenzi kinafanya kazi ya kielezi: kinatueleza kitendo kilifanyika wapi, lini, vipi, kwa nini au kwa chombo gani. Kikitundikwa kwenye nomino kinafanya kazi ya kivumishi: kinatueleza ni kitu kipi hasa kinachozungumziwa. Kiko pia kinachotundikwa kwenye kivumishi, kama "afraid of lions" au "ready for prayer", lakini hicho hakina tabu, kwa kuwa kinakaa jirani kabisa na mwenyewe.

Mfano: "The animals in the park cross the river in August." Humu mna "in" mbili zilizo sawa kwa sura, na kazi zake ni mbali. "In the park" kimetundikwa kwenye "animals", kinatueleza ni wanyama wepi. "In August" kimetundikwa kwenye "cross", kinatueleza wanavuka lini. Yeyote aliyewahi kuwaona nyumbu wakivuka Mto Mara anajua ni mambo mawili tofauti, mnyama wa wapi na kuvuka lini. Sentensi ya Kiingereza haikuweka alama yoyote ya kuyatenganisha, imeliachia jambo hilo akili ya msomaji.

KISWAHILI NDICHO KIPIMO

Hapa ndipo lugha yetu inapotuonea huruma. Kiswahili hakikubali kukaa kimya pale Kiingereza kinaponyamaza. Kirai kikitundikwa kwenye nomino, Kiswahili hudai alama: ama "-a" ya kuunganisha inayofuata ngeli (wa, ya, la, cha, vya, za), ama "mwenye", ama "aliye", "kilicho", "iliyo" na ndugu zake. Kikitundikwa kwenye kitenzi, Kiswahili hakihitaji alama hiyo.

Sentensi ya nyumbu tutaisema: wanyama wa mbugani huvuka mto mwezi wa Agosti. Ile "wa" ya "wa mbugani" ndiyo msumari. Lau tungesema "wanyama huvuka mto mbugani", kirai kingehama, nacho kingetueleza mahali pa kuvukia.

Au tazameni hizi mbili: "The book on the table is mine", na "Put the book on the table." Maneno "the book on the table" yamejirudia bila kupungua hata herufi. Lakini ya kwanza ni "kitabu kilicho mezani ni changu", na ya pili ni "weka kitabu mezani". Katika ya kwanza "on the table" ni kivumishi, katika ya pili ni kielezi. Kiswahili kimetofautisha kwa neno moja, "kilicho".

Basi kipimo tunachowapa ni hiki. Ukikutana na kirai kihusishi katika sentensi ya Kiingereza, igeuze sentensi kwa Kiswahili chako cha kawaida, kisha usikilize ulimi wako. Ukijikuta umetamka "-a" ya kuunganisha, au "mwenye", au "-liyo", jua kirai kimetundikwa kwenye nomino. Kama hukuhitaji chochote kati ya hivyo, aghalabu kimetundikwa kwenye kitenzi.

Kipimo cha pili kipo ndani ya Kiingereza chenyewe, nacho ni kukihamisha. Kirai cha wakati au mahali kilichotundikwa kwenye kitenzi kwa kawaida hukubali kwenda mwanzo wa sentensi: "In August the animals in the park cross the river." Maana haikuharibika. Kilichotundikwa kwenye nomino hakibanduki kwa mwenyewe. Ukisema "In the park the animals cross the river in August", umebadilisha habari: sasa unasema wanavukia mbugani.

Kihusishi "of" kiwekeni peke yake. Karibu kila mara hutundikwa kwenye nomino iliyo kushotoni mwake, na kazi yake ni ile ya idhafa: "the door of the mosque" ni baabul-masjidi, ni mlango wa msikiti. Viko vichache vinavyofuata kitenzi, kama "think of" na "die of", lakini hivyo vinahesabika.

MAJRURI HAIWI FAAILI

Kutokana na hayo yaliyotangulia inapatikana faida kubwa ambayo wanafunzi wa shule husumbuka nayo miaka minne. Mmesoma kuwa ismu lililoingiwa na harfu jarri halitafutwi kuwa faaili wala mubtadaa, isipokuwa penye harfu ya ziada, na hayo mtayakuta katika vitabu vya mbele. Kanuni hii ichukueni kama ilivyo. Nomino iliyomo ndani ya kirai kihusishi haiwi kiima cha sentensi.

"The price of goats at Sirari is high." Kitenzi kiwe "is" au "are"? Anayesoma kwa masikio husikia "goats", na "goats" ni wingi, akaandika "are". Sisi tunauliza: "goats" imeingiwa na nini? Imeingiwa na "of", basi ni majruri, na haina haki ya kuwa kiima. Sirari je? Imeingiwa na "at", nayo ni majruri. Iliyobaki ni "price", na "price" ni umoja, kwa hiyo "is". Vivyo hivyo "One of the students is absent", "The bag of books is heavy", "The boys in that room are asleep". Toeni virai vyote nje, kiima kitabaki peke yake mahali peupe.

Wako watakaotuambia: mbona "A lot of people are waiting"? Kweli. Maneno ya kiasi kama "a lot of", "some of", "all of" na "half of" yana hukumu yake, kitenzi hutazama kinachofuata: "Some of the water is dirty", "Some of the cups are dirty". Hayo yahifadhini kando kama mlivyohifadhi mengine yanayotoka nje ya kanuni.

PALE KIARABU KINAPOWAPONZA

Ni haki pia kusema mahali ambapo ujuzi wa Kiarabu humdhuru mwanafunzi. Katika Kiarabu jaari na majruri huwa khabari ya mubtadaa bila kitenzi chochote kuonekana. "Al-imaamu fil-masjidi" ni sentensi kamili. Hata salamu yetu ya kila siku, "Assalaamu alaykum", imejengwa hivyo: "assalaamu" ni mubtadaa, na "alaykum" ni jaari na majruri katika mahali pa khabari, iliyotundikwa kwenye neno lililofichwa lenye maana ya kuwapo. "Alhamdulillahi" ni hivyo hivyo.

Mwanafunzi aliyezoea hayo huandika "The imam in the mosque", akaweka nukta, akaridhika. Kwa Kiingereza hiyo si sentensi. Ni nomino iliyotundikiwa kirai: imamu wa msikitini, imamu aliye msikitini. Anayeisoma anasubiri aambiwe huyo imamu amefanya nini. Kiingereza hakikubali msumari uliofichwa hapa, kinataka uonekane, nao ni "is": "The imam is in the mosque." Kiswahili kiko katikati. Hatusemi "imamu ni msikitini", tunasema "imamu yumo msikitini" au "yupo" au "yuko". Kwa hiyo pale unapotaka kusema yumo, yupo, yuko, kimo, zipo, basi kwa Kiingereza andika "is" au "are", halafu kirai.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Sisi tunasema "natoka mtoni", "naenda mtoni", "niko mtoni", na "mtoni" haibadiliki. Habari ya kutoka au kwenda imebebwa na kitenzi. Kiingereza kimeiweka kwenye kihusishi: "from the river", "to the river", "at the river". Mwanafunzi anayetafuta tafsiri moja ya "-ni" hataipata. Tena sisi tunayo kauli ya kutendea inayomeza kihusishi kizima: "mletee mgeni maji" ni "bring water for the guest". Hiyo "for" imo ndani ya "-ea" ya "mletee". Ndiyo maana wengi huisahau.

KIHUSISHI HAKIINGII ILA KWENYE ISMU

Mlihifadhi mkiwa wadogo kuwa miongoni mwa alama za ismu ni kuingiwa na harfu jarri. Fi'ili haiingiwi. Kiingereza kina sheria hiyo hiyo, na wanaoivunja ni wengi sana. Ukitaka kuweka kitendo baada ya kihusishi, huna budi kukigeuza kwanza kiwe nomino, na nomino ya kitendo kwa Kiingereza ni ile yenye "-ing". Ni masdari yao. "He left without asking", wala si "without ask". "She is good at reading." "We wash before praying." Huko "praying" ni jina la kitendo, sawa na "kuswali" ilivyo jina la kitendo katika "kabla ya kuswali".

Jihadharini na "to", maana kuna "to" mbili. Katika "He went to the mosque" ni kihusishi, kimefuatwa na nomino. Katika "He went to pray" si kihusishi, ni alama tu ya kitenzi kisichonyambuliwa. Hii ndiyo sababu mwisho wa barua huandikwa "I look forward to hearing from you", na wanaoandika "to hear" wamezichanganya.

Jambo jingine la aina hii ni vijineno vinavyofanana na vihusishi navyo ni sehemu ya kitenzi. "He looked up the road" maana yake alitazama upande wa juu wa barabara, na "up the road" ni kirai. "He looked up the word" maana yake alilitafuta neno katika kamusi, na hapo "up" ni mali ya "looked". Ushahidi ni kwamba unaweza kusema "He looked the word up", lakini huwezi kusema "He looked the road up".

Kuhusu kuchagua kihusishi kipi kifuate kitenzi kipi, hatutasema mengi, kwa kuwa dawa yake ni kuhifadhi. Katika Kiarabu mnajua "raghiba fii" ni kukitaka kitu na "raghiba an" ni kukipa kisogo. Harfu moja imepindua maana yote. Basi "look at" ni kutazama, "look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza. Andikeni kitenzi na kihusishi chake pamoja katika daftari, msiviandike mbalimbali.

SI MTIHANI TU

Yupo atakayesema kuwa haya ni ya darasani. Tumjibu kwa mfano tulioutunga wenyewe, lakini wa aina inayoweza kufika katika nyumba yoyote ya mkulima huku kwetu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa penye haja, na mikataba ya makampuni bado huandikwa kwa Kiingereza mara nyingi. Baba analetewa karatasi yenye sentensi hii ili aweke saini: "The company will pay for damage to crops before 30 June." Kijana wa Kidato cha Tatu anaitwa aisome. Atasema nini?

"For damage" kimetundikwa kwenye "pay". "To crops" kimetundikwa kwenye "damage". Je, "before 30 June" kimetundikwa wapi? Kinaweza kutundikwa kwenye "pay", na maana ikawa: kampuni italipa kabla ya Juni 30. Kinaweza pia kutundikwa kwenye "damage", na maana ikawa: kampuni itafidia uharibifu uliotokea kabla ya Juni 30. Kwa maana ya kwanza, Julai ikifika baba hajalipwa ana haki ya kudai. Kwa maana ya pili, mahindi yakiharibiwa Julai hana lake, na malipo yenyewe hayana tarehe.

Kijana asiyejua ataisoma sentensi kwa sauti nzuri na kusema "mzee, wamesema watalipa". Kijana anayejua atamwambia: "Baba, usitie saini kwanza. Hii tarehe haijulikani imeshika malipo au imeshika uharibifu. Waandike upya." Na atajua waandike vipi. Wakikusudia malipo, kirai kiende mwanzo: "Before 30 June the company will pay for damage to crops." Wakikusudia uharibifu, wakifungie kwa kitenzi chake: "damage to crops which occurred before 30 June." Neno "which occurred" ndilo lile "uliotokea" la Kiswahili.

Utata wa namna hii ni mwingi katika Kiingereza, na mara nyingi huwa na "with". "The ranger saw the man with binoculars." Darubini ilikuwa ya nani? Kama askari wa wanyamapori alitumia darubini, kirai kimetundikwa kwenye "saw", nasi tutasema "alimwona kwa darubini". Kama aliyeonwa ndiye aliyekuwa nayo, kimetundikwa kwenye "man", nasi tutasema "alimwona mtu mwenye darubini". Kwa, au mwenye. Sentensi yenyewe haiamui, na anayeandika maelezo ya tukio aichague njia moja aiandike wazi.

ZOEZI

Sentensi hizi zigeuzeni kwa Kiswahili, kisha mseme kila kirai kihusishi kimetundikwa wapi. Mbili kati yake zina maana zaidi ya moja, zitafuteni.

1. The man from Mugumu bought a bicycle at the market.
2. The teacher spoke to the parents of the new students after the prayer.
3. The farmer chased the monkey with a stick.
4. The road to the village is closed in the rainy season.
5. We read the letter from the school in the office.
6. Describe the role of roots in the absorption of water by plants.

Sentensi ya 6 ni ya wale wa baiolojia, nayo ina virai vinne. Wanaoanza waifanye kwa kuchora mishale kutoka kila kirai mpaka kwenye neno lililokishika. Majibu yaletwe kwa mwalimu wa nahau baada ya darasa la Jumamosi, na kila mmoja aje na daftari lake, si la rafiki yake.